Kinyozi wa Maharamia

Tulia. Egemeza kichwa nyuma, na usitikisike wembe ukiwa shingoni. Kama hupendi kinyozi anayesema, nenda kwa yule wa mtaa wa pili. Yeye ni bubu kazini, na masikio ya wateja wake utayaona yalivyo.

Na lile uliloniuliza hapo mlangoni nimelisikia. Eti ni kweli shangazi yangu alijivika uanaume akawafuata maharamia kwa sababu ya bwana? Bwana! Watu wa mtaa huu wakikosa la kusema hutunga. Hakukuwa na bwana. Kulikuwa na mdogo wake, na mdogo wake huyo ndiye baba yangu mzazi, kwa hiyo ukinyamaza kidogo utaipata hadithi ya jikoni, si ya barazani.

Duka hili lilikuwa la babu. Chumba ndicho hikihiki, chembamba, kiti kimoja, benchi moja la wanaongoja, kioo kilichomeguka pembeni, na mkanda wa ngozi wa kunolea umepigiliwa msumari hapo ubavuni. Nyuma ya pazia ndiyo nyumba. Duka na nyumba mlango wake ni mmoja, huo ulioingilia, na ukumbuke hilo. Babu alikuwa na sheria moja tu ya kazi. Alikuwa akisema, "Mtu amekukabidhi koo lake, mrudishie kama lilivyo." Awe rafiki, awe adui, awe amekutukana mama yako, akishaketi hapo ni amana.

Shangazi ndiye alikuwa mkubwa, baba ndiye kitinda mimba, na katikati Mungu aliwachukua wengine. Mikono ya babu ilipoanza kutetemeka, shangazi alikuwa msichana, akaanza kujifunza kazi kwenye kichwa kilichokuwa karibu, na kichwa hicho kilikuwa cha mdogo wake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini nywele za baba zilikuwa mali ya dada yake. Siku ya kwanza alimkata nyuma ya sikio. Kovu lilibaki, dogo, limepinda. Baba alilia, na alipomaliza kulia kwa kidonda akaanza kulia kwa nywele zinazowasha shingoni. Basi shangazi akainama akampuliza. Fuu, shingo nzima. Mtoto akacheka.

Babu aliona akakasirika. "Kinyozi hupangusa kwa kitambaa! Kupuliza ni mambo ya jikoni." Shangazi akaitikia vizuri, ndiyo baba, na wengine wote akawapangusa kwa kitambaa. Mdogo wake akaendelea kumpuliza.

Usidhani lakini kwamba wateja walimkubali. Thubutu! Mmoja alisema, "Wembe mkononi mwa mwanamke, tena shingoni mwangu? Nina mke nyumbani, hatari hiyo yanitosha." Kwa hiyo shangazi alinoa, akapiga povu la sabuni, akafagia, na siku ambazo mikono ya babu ilikataa kabisa duka lilifungwa, watu wakaambiwa babu ana mafua. Ukoo wetu haujawahi kuwa na mtu mwenye mafua mengi kama babu.

Baba alipokuwa kijana akaenda baharini, kwenye meli ya biashara iliyobeba mbao. Haikufika. Maharamia waliikamata, wakachukua walichotaka, wakawaachia mabaharia wengine na mashua ndogo. Baba walimbakiza. Alikuwa na mabega mapana, hakuwa na mke wala mtoto, na kwao walikuwa wamepungukiwa watu. Wenzake ndio waliorudi kusimulia, wamesimama hapo ulipoweka viatu vyako, wanaona haya kumtazama bibi machoni.

Majirani wakaja kumpa pole. Bibi akawafukuza. "Mtoto wangu yu hai. Simlilii mtu aliye hai, mnataka nimchulie kifo?" Na tangu siku hiyo akakataza mlango usipigwe komeo, si mchana si usiku. Alisema mtoto akirudi asije akagonga, akangoja, akadhani amesahauliwa. Mwizi akaingia akabeba masufuria. Bibi asubuhi anatazama meko tupu, anasema, "Na mlango aliuacha wazi? Basi si mtu mbaya sana."

Watu walicheka. Shangazi hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimwosha mama yake mgongo, na aliona. Bibi alikuwa anaisha kama kipande cha sabuni, kila siku kidogo, huku anasema hana neno. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini binti anayemwogesha mzazi huyo naye anaujua. Shangazi akatambua kwamba mdogo wake asiporudi upesi, atarudi akute mama hayupo.

Sasa sikiliza. Haramia unamdhania mtu wa ndevu mpaka kifuani. Ndivyo walivyo, na ndiyo shida yao. Watu hao hula kama wewe. Wanahitaji vitunguu, chumvi, kamba, dawa ya jino linalouma. Lazima mtu ashuke mjini anunue, na ukishuka mjini na sura ya mtu aliyelala miezi kwenye mapipa, kila askari anakugeukia. Haramia aliyenyolewa ni mfanyabiashara tu. Kwa hiyo melini kwao kinyozi ni mtu mkubwa, na kinyozi wao alikuwa amekufa.

Haya yote shangazi aliyapata kwa mpishi wao. Aliingia hapa mchana, mtu mnene, mpole, ndevu zimeshikana na masizi, mkononi fungu la vitunguu. Siku hiyo babu alikuwa na "mafua". Mpishi akasihi, akasema anyoe yeyote, hata paka. Shangazi akamnyoa. Nawe unajua kiti hiki kilivyo. Mtu akishalala kichwa nyuma, ulimi unalegea. Akasema anafanya kazi meli fulani, hakuitaja. Akasema kinyozi wao kafariki na sasa wanatisha hata samaki. Akasema kuna kijana mmoja melini analia usingizini akimwita mama yake, wanamcheka, lakini yeye humwekea ukoko wa wali kwa sababu anamhurumia.

Shangazi akapangusa wembe taratibu. "Kijana huyo ana kovu?"

"Lipo dogo, nyuma ya sikio. Kwa nini?"

"Basi tu. Wateja wengi wana makovu." Kisha akasema, na hapa ndipo ninapompenda, "Kinyozi mnamtaka? Ninaye kaka yangu anaijua kazi. Sura tumefanana sana. Kesho asubuhi atakungoja penye ngazi za bandari."

Kaka! Shangazi hakuwahi kuwa na kaka.

Jioni alichukua koti la babu na suruali ya baba, akaviweka kwenye mfuko, akadhani hakuna aliyemwona. Akauchukua na wembe wa zamani, ule wa kunyolea watoto. Babu alikuwa amesimama penye pazia.

"Huo butu," babu akasema. "Chukua wangu."

Hakumuuliza aendako, na sidhani kama alihitaji kuuliza. Alimketisha kwenye kiti, akamfunga shuka shingoni, akamnyoa nywele zote kwa ile mikono yake iliyokuwa haiwezi kushika kikombe cha chai. Hicho ndicho kichwa cha mwisho babu alichonyoa maishani, na hakumkata hata mahali pamoja. Bibi yeye alikuja na kitambaa kirefu, akamfunga kifua, akakaza mpaka shangazi akaguna. Bibi alisema neno moja tu. "Mlete."

Asubuhi mpishi akampeleka kwenye meli ya maharamia, iliyojificha kwenye ghuba nyuma ya miamba. Sheria za humo zilikuwa chache, na kubwa kuliko zote ni hii: kiti hakikai wazi. Kila baharia alikuwa na mahali pake pa kuketi penye mbao ndefu ya kulia chakula, na hapo ndipo palihesabiwa kuwa nafsi yake. Ukifa, lazima mwingine aketi. Ukitaka kuondoka, hutoki, labda apatikane wa kuketi pako kwa hiari yake. Na nani atakubali? Mgeni huweka mkono kwenye mlingoti, husema "Nimeketi," basi, amekwisha kuwa wao. Shangazi akaweka mkono, akakazia sauti, akasema, "Nimeketi." Kiti cha kinyozi kikapata mtu.

Sauti yake aliwaambia iliungua kwa uji wa moto utotoni. Ndevu je? Hilo alikuwa amelifikiria njia nzima. Kila asubuhi, mbele ya watu wote, alijipaka povu akajikwangua kwa upande usio na makali, huku akijishika pua na kuvuta mdomo kama babu. Mpishi akawa anamtania, "Wenzako husema kinyozi hajinyoi, wewe unajinyoa kabla ya kuku kuamka!" Watu wakacheka, na kwa kucheka kila siku hakuna aliyetazama vizuri.

Mdogo wake aliketi kunyolewa siku ya pili. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Hakumtambua. Mtu hamwoni dada yake mahali ambapo dada hawezi kuwepo. Shangazi akamnyoa kichwa chote, akafika nyuma ya sikio, akaliona lile kovu lake mwenyewe. Akamaliza, akatazama kulia na kushoto, akainama, akampuliza shingo.

Baba akaruka kitini.

"Tulia," shangazi akasema kwa ile sauti ya uji wa moto. "Ukitikisika nitakukata tena."

Baba aliposikia hiyo "tena", machozi yakamtoka. Wenzake wakadhani ni sabuni.

Mpango wao ulikuwa wangoje siku ya kuteka maji nchi kavu, wakimbie pamoja. Lakini baba alikuwa kijana, na kijana kusubiri hajui. Kujua kwamba dada yake yumo, na kwamba akibainika atatupwa majini, kulimnyima usingizi. Akajiambia kwamba akitoroka yeye peke yake, dada atatafuta njia yake baadaye kwa urahisi. Wazimu mtupu! Akarukia maji mchana kweupe wakati wa kubadilisha matanga. Wakamvuta kabla hajafika mbali. Na kwa mtoro adhabu ilikuwa moja, kuachwa juu ya mwamba usio na maji ya kunywa, kesho yake, baada ya nahodha kunyolewa. Nahodha hakuwahi kutoa hukumu na ndevu usoni.

Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Shangazi hakuwa na pa kutia maji. Asubuhi ile nahodha aliketi kwenye sanduku, akafumba macho, akatoa koo. Mtu mzima, mzito, mwenye sauti ya chini. Baba amefungwa kamba mbele ya meli, shangazi anamwona. Na mkononi ana wembe wa babu, mkali, juu ya mshipa wa yule anayekwenda kumuua baba yangu.

Nilimuuliza nilipokuwa mkubwa, "Shangazi, ulifikiria?" Akasema, "Nilifikiria sana. Wembe ulikuwa unafikiria pamoja nami." Lakini kumchinja nahodha ni kuchinjwa wote wawili, na hata kama si hivyo, alisema alisikia sauti ya babu sikioni: umrudishie kama lilivyo. Akanyoa. Akanyoa vizuri, kidevu, shavu, nyuma ya shingo. Na kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kule mbele kwenye kamba, mkono haukuenda kwenye kitambaa. Akainama akampuliza nahodha shingo.

Fuu.

Nahodha akafumbua macho. Akamshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu.

"Vinyozi wote walioninyoa wamenipangusa kwa kitambaa," akasema polepole. "Nimepulizwa shingo na mtu mmoja tu duniani, na huyo ni mama yangu. Wewe ni mama wa nani?"

Shangazi alikuwa amechoka na uongo. "Mimi si mama wa mtu. Mimi ni dada wa huyo mliyemfunga."

Nahodha hakumwachia mkono. "Koo langu limekuwa mkononi mwako asubuhi zote hizi. Na leo unajua ninakwenda kufanya nini. Kwa nini niko hai?"

"Kwa sababu umeketi kwenye kiti changu."

"Unataka nini?"

"Aende nyumbani. Mama anakufa. Mimi nitaketi pake."

Wakaitwa wote, wakakusanyika penye mlingoti. Nahodha akasema hawezi kuvunja sheria eti kwa sababu tu amenyolewa vizuri. Akawaeleza: huyu anataka kuketi badala ya mtoro, kwa hiari yake, lakini ana kiti tayari, na mtu mmoja hakalii viti viwili. Jamaa mmoja waliyemwita Ndevu, kwa sababu alikataa kunyolewa mwaka mzima, akapiga kelele, "Basi, mtoro aende mwambani, tukale!"

Shangazi akavua kofia. Akaivua na sauti ya uongo.

"Subirini kula. Yule aliyeweka mkono hapa akasema ameketi alikuwa mwanamume, si ndiyo? Mwanamume huyo mnionyeshe. Hayupo! Hajawahi kuwepo. Mimi ni mwanamke, na mimi sijaketi popote humu. Kiti cha kinyozi mmekiacha wazi muda wote huu na hamna habari. Sasa ndiyo naketi, kwa jina langu, mahali pa mdogo wangu." Akaupiga mlingoti kofi. "Nimeketi!"

Weee! Meli nzima ikawa soko. Wengine wanacheka, wengine wanatukana, wengine wanakumbuka waliyomsimulia wakinyolewa na wanatamani kujitupa baharini. Ndevu akauliza, si mjinga yule, "Na hicho cha kinyozi, kitakaa wazi? Sheria ni sheria!"

Hapo ndipo yule mpishi akajipangusa mikono kwenye tumbo akatoka mbele. Alikuwa kwenye meli ile muda mrefu kuliko wote, na hakuna aliyewahi kumpa mahali pa kuketi, kwa sababu mpishi hula amesimama jikoni. Akaweka mkono wake wenye masizi kwenye mlingoti. "Mimi nimesimama miaka yote," akasema. "Miguu inaniuma. Nimeketi."

Nahodha akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Viti vimejaa. Mfungueni kijana."

Baba hakutaka kwenda. Alishika mguu wa dada yake, analia, mbele ya wanaume wote wale. Anasema heri mwamba. Shangazi akampiga kofi, halafu akamshika uso kwa mikono miwili. Akamwambia, "Nisikilize. Sikuja huku kutembea. Nenda kwa mama, ule, alale akikutazama. Na umwambie mlango asiufunge."

Mpishi ndiye aliyempigia makasia hadi nchi kavu.

Bibi alipomwona baba mlangoni alimshika kichwa, akamnusa, akampapasa masikio, akalipata kovu. Kisha akatazama nyuma yake, barabarani.

"Dada yako yuko wapi?"

Baba akamweleza, amepiga magoti hapo. Bibi hakumlaumu. Lakini alisema neno ambalo baba hakulisahau mpaka anakwenda kaburini. "Nilimtuma mmoja alete mmoja. Watoto si sufuria, umtoe huyu upewe yule." Halafu akaenda kumpikia. Alipona, bibi. Alianza kula kwa sababu ya mmoja, na akakataa kufa kwa sababu ya mwingine.

Mlango ukaendelea kukaa bila komeo.

Kwa upande wa shangazi, utaniuliza aliiba? Usinitolee macho kwenye kioo, najua unataka kuuliza. Alikula cha wizi, alilala juu ya mbao za wizi, na hakujisafisha kwa maneno. Alisema, "Niliwanyoa walioiba." Kuishi na kundi la wanaume wanaojua kwamba ni mwanamke alisema ilikuwa rahisi kuliko alivyoogopa. Ndevu alijaribu mzaha wa kijinga mara moja. Zamu yake ya kunyolewa ilipofika, maana hatimaye alinyolewa, shangazi aliutazama wembe muda mrefu, akamtazama yeye, akautazama tena wembe. Tangu siku hiyo akamwita Dada. Wote wakamwita Dada. Wakawa wanamletea nguo za kushona vifungo na habari za mama zao, na aliyekuwa na wasiwasi wa kwenda vitani alikuja kunyolewa hata kama hana unywele.

Hakutoroka. Nilimgombeza kwa hilo, nikamwambia mimi ningekimbia siku ya kwanza ya maji. Akasema, "Nilisema nimeketi kwa jina langu." Ndivyo alivyokuwa.

Nahodha alizeeka. Alikufa asubuhi, akiwa ananyolewa, povu bado upande mmoja. Shangazi akamaliza upande uliobaki, kisha akampuliza. Kabla ya kufa, katika siku zake za mwisho za homa, alikuwa amewaita mmoja mmoja aketi kwenye kiti chake. Kila mtu alikataa. Walikuwa wamechoka, magoti yanauma, na miji imekuwa na askari wengi. Nahodha akasema, "Basi changu kikikaa wazi, sheria imekufa nami, nendeni makwenu." Wakamzika majini, wakaiacha meli kwenye matope ya ghuba, na kila mtu akashika njia. Mpishi nasikia alifungua mgahawa, akaweka viti vingi.

Huku nyumbani babu alikuwa ameshafariki. Baba ndiye alikuwa kinyozi. Mkono wake ulikuwa mzito, na wateja walikuja kwa heshima ya babu na kwa huruma. Alikuwa ameoa, na mimi nilikuwa tumboni mwa mama. Bibi macho yalikuwa yamekwisha. Alikaa nyuma ya pazia hilo, na kila akisikia hatua mlangoni alikuwa akiuliza, "Nani huyo?" Baba akijibu, "Mteja, mama." Siku nzima, miaka yote. Nani huyo? Mteja, mama.

Basi alasiri moja akaingia mwanamume mwembamba, kofia imeshuka usoni, suruali ya baharini, mvi zimechungulia. Akasimama kidogo akalitazama komeo. Lilikuwa limeshika kutu likiwa wazi, halikuguswa muda mrefu.

"Nani huyo?" bibi akaita.

"Mteja, mama."

Yule mtu aliposikia sauti ya bibi akashika ukuta. Baba akadhani ni ulevi wa nchi kavu, mabaharia huwa nao. Akamketisha. Shangazi aliniambia alitaka kusema pale pale, akashindwa. Njia nzima alikuwa ameogopa kitu kimoja tu, kukuta bibi hayupo. Sasa yupo. Kwa hiyo akaketi tu, akatoa kichwa chake kwa mdogo wake, akafumba macho.

Baba alinyoa. Kama kawaida yake kwa watu wa baharini, akauliza, "Huko mlikopita, hamjasikia habari za mwanamke mmoja kinyozi?" Mtu yule akatikisa kichwa kidogo. Baba akasema kama anavyosema kwa wote, "Ukimwona, mwambie mama yu hai." Akamaliza. Akachukua kitambaa, akampangusa shingo, akamfungulia shuka. Mteja hakuinuka.

"Umesahau kupuliza," akasema.

Baba, aliyekuwa ameuchukua wembe aufute, akaudondosha. Ule ufa kwenye kigae hapo chini ya mguu wako ndio huo. Alimkumbatia huyo mtu kiti na yeye pamoja, uso kwenye shingo yake yenye nywele zilizobaki, akilia kama alivyolia siku ya kovu. Wateja wawili kwenye benchi wakatazamana.

"Nani huyo?" bibi akauliza nyuma ya pazia. "Nauliza, nani huyo?"

"Ni mimi, mama," shangazi akasema.

Kisha pazia likasogea, bibi akatoka anapapasa ukuta, mwenyewe, bila fimbo. Akafika, mikono ikatafuta, ikapata kichwa kilichonyolewa upya. Mkono wa pili ukatafuta, ukapata sikio la baba, ukalipata kovu. Akasimama hivyo, kila mkono na kichwa chake.

"Wote wawili?" akauliza.

"Wote wawili, mama."

"Mmemaliza kwenda?"

"Tumemaliza."

"Basi fungeni huo mlango," bibi akasema. "Upepo umenipiga miaka yote hii."

Baba akaenda kufunga. Komeo likakataa, kutu imelila. Akalimwagia mafuta ya kunolea, akaligonga kwa jiwe, mtaa mzima ukatoka kuuliza kinyozi anabomoa nini. Mmoja wa wale wateja, ndevu zote zikiwa bado usoni, akainuka akamsaidia kusukuma. Yule naye alitaka kwenda kwake, na mlango ni huo mmoja, kwa hiyo alikuwa anajifungia ndani, lakini hakuona vizuri kusema.